Volti, Ampea na Nguvu ya Umeme: Hesabu za Njia Ndefu katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002. Kabla ya hapo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Sura ya nchi yake humpa kazi ngumu fundi wa umeme. Kaya nyingi hazikusongamana mahali pamoja. Zimetawanyika juu ya migongo ya vilima vya Mbulu, pembezoni mwa bonde la Yaeda, na katika uwanda wa Basotu hadi miguuni mwa Mlima Hanang, ambao kilele chake kina kimo cha zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Umeme unaozifikia kaya hizo husafiri mwendo mrefu juu ya nguzo, na kila mita ya waya hutoza ushuru wake.

Ushuru huo huonekana kwa namna nyingi. Taa ya nyumba iliyo mwisho wa njia hufifia jioni watu wengi wanapowasha vyombo vyao. Mota ya mashine ya kusaga nafaka hunguruma kwa shida na kupata moto. Trekta hukataa kuwaka asubuhi ya baridi ingawa betri yake ni nzima. Mambo haya matatu yana chanzo kimoja, na chanzo hicho chaweza kuelezwa kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari huzifanya kwa kalamu na karatasi.

VIPIMO VITATU

Umeme ukipita katika waya, mambo matatu hupimwa. La kwanza ni mkondo, yaani kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani kwa kila sekunde. Mkondo hupimwa kwa ampea na huandikwa kwa herufi I. La pili ni tofauti ya msukumo wa umeme baina ya ncha mbili, ambayo hupimwa kwa volti na huandikwa V. La tatu ni ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huuzuia mkondo usipite. Ukinzani hupimwa kwa omu na huandikwa R.

Tangi la maji lililo juu ya kilima hutoa mfano mzuri. Kimo cha tangi ndicho kinachoyasukuma maji. Hicho ni mithili ya volti. Lita zinazotoka bombani kwa kila sekunde ni mithili ya ampea. Wembamba na urefu wa bomba ni mithili ya ukinzani: bomba jembamba na refu hupitisha maji machache hata kama tangi liko juu sana. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, mkondo husimama papo hapo, kwa sababu umeme huhitaji njia kamili ya kwenda na kurudi.

KANUNI YA OHM

Uhusiano wa vipimo hivi vitatu uligunduliwa na mwalimu wa sekondari. Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani, alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne alipofanya majaribio yake. Mwanzoni alitumia betri za wakati huo, lakini msukumo wake haukutulia, na matokeo yakawa na mashaka. Ndipo alipoziacha akatumia kiungo cha metali mbili, shaba na bismuthi, ambacho upande wake mmoja uliwekwa katika maji yanayochemka na mwingine katika barafu. Maadamu maji yanayochemka na barafu hukaa katika halijoto zisizobadilika, msukumo wa umeme nao ulitulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wengi hawakukithamini upesi, lakini mwaka 1841 Shirika la Kifalme la London lilimtunukia nishani ya Copley.

Kanuni aliyoipata yasema kwamba mkondo unaopita katika kipitishi cha metali huwiana moja kwa moja na volti zilizo baina ya ncha zake, iwapo halijoto haibadiliki. Kwa herufi huandikwa hivi:

V = I × R

Kutokana na hiyo hupatikana R = V ÷ I, na I = V ÷ R. Anayejua vipimo viwili hupata cha tatu.

Darasani jambo hili huthibitishwa kwa betri za tochi, waya mwembamba wa nikromu, amita na voltimita. Amita huungwa katika mfululizo, ili mkondo wote upite ndani yake; voltimita huungwa sambamba na waya unaopimwa. Mathalani, betri moja yaweza kuonyesha volti 1.5 na ampea 0.30, mbili, volti 3.0 na ampea 0.60, tatu, volti 4.5 na ampea 0.90. Kila mara volti zikigawanywa kwa ampea, jibu ni omu 5. Namba hizo zikichorwa katika grafu, hutoa mstari ulionyooka unaopita katika sifuri. Mwanafunzi akumbuke fundisho la Ohm mwenyewe: betri iliyochoka huharibu jaribio. Tena waya usiachwe na mkondo kwa muda mrefu, kwani ukipata moto ukinzani wake hubadilika.

NGUVU YA UMEME

Nguvu, kwa maana ya kisayansi, ni nishati inayotumika kwa kila sekunde. Kipimo chake ni wati, na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea:

P = V × I

Kwa kuwa V ni sawa na I × R, nguvu yaweza pia kuandikwa P = I² × R, au P = V² ÷ R. Sura ya kwanza kati ya hizi mbili ndiyo aliyoieleza James Prescott Joule wa Uingereza mwaka 1841, alipoonyesha kwamba joto linalotokea katika waya huwiana na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne; ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Chukua birika la umeme lenye maandishi "230 V, 2000 W". Mkondo wake ni 2000 ÷ 230, yaani ampea 8.7. Ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, yaani takribani omu 26.4. Katika nyanda za juu za Mbulu maji huchemka kwenye nyuzi takribani 94 za Selsiasi, si 100, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Lita moja na nusu ya maji yenye nyuzi 18 huhitaji nishati ya 1.5 × 4200 × 76, yaani juli 478,800. Birika hilo hutoa juli 2000 kwa sekunde, basi maji huchemka baada ya sekunde 239, karibu dakika nne, ikiwa joto linalopotea hewani halihesabiwi. Uniti moja ya mita ya umeme ni juli 3,600,000. Kwa hiyo kazi hiyo hutumia uniti 0.133.

MBALI NA TRANSFOMA

Sasa birika hilo na lihamishiwe kwenye nyumba iliyo mwisho wa njia. Tuseme transfoma imesimama karibu na shule, nayo hutoa volti 230. Nyaya mbili za alumini zenye eneo la mkato la milimita za mraba 50 zinakwenda hadi kijiji kilicho mita 800 kutoka hapo. Kilomita moja ya waya wa namna hiyo ina ukinzani wa takribani omu 0.56. Kwenda na kurudi ni mita 1,600, na ukinzani wa njia nzima ni omu 0.9.

Mchana nyumba za kijiji zinatumia kwa jumla ampea 20. Volti zinazobaki njiani ni 20 × 0.9, yaani 18. Kijijini hufika volti 212. Nguvu inayopotea kwa kuzitia joto nyaya ni 20 × 20 × 0.9, yaani wati 360, wakati kijiji chenyewe hupokea 212 × 20, yaani wati 4,240.

Jioni taa zinawashwa, pasi zinachomekwa, redio na televisheni zinaanza kusema. Mkondo unafika ampea 40. Volti zinazobaki njiani sasa ni 36, na kijijini hufika 194 tu. Nguvu inayopotea ni 40 × 40 × 0.9, yaani wati 1,440. Matumizi ya mkondo yameongezeka mara mbili, lakini hasara imeongezeka mara nne, kama Joule alivyosema.

Birika letu lenye omu 26.4 hupata nini kwa volti 194? Nguvu yake ni 194² ÷ 26.4, yaani wati 1,425 hivi. Maji yale yale sasa huchemka baada ya sekunde 336, karibu dakika tano na nusu. Jambo la kutazamwa ni kwamba uniti zinazosomwa na mita ya nyumba hazibadiliki sana: maji yanahitaji nishati ile ile. Kinachoongezeka ni muda. Hasara ya njiani hutokea kabla ya mita, juu ya nguzo.

Mota ina tabia nyingine. Mota ya mashine ya kusaga inalazimika kuzungusha jiwe au nyundo zilezile hata volti zinapopungua. Ili kufanya kazi hiyo huvuta mkondo mwingi zaidi, na kwa kuwa joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, nyaya zilizo ndani yake hupata moto haraka. Kihami chake huungua, na mota hufa. Kwa sababu hii mwenye mashine aliye mbali na transfoma hufanya vema kupima volti wakati mashine inafanya kazi, si wakati imesimama. Mashine ikisimama, mkondo wake haupo njiani, na voltimita huonyesha namba nzuri zinazodanganya.

KWA NINI NJIA KUBWA ZINA VOLTI NYINGI

Dawa ya hasara hii ni kuupunguza mkondo. Kwa kuwa P = V × I, nguvu ile ile yaweza kusafirishwa kwa mkondo mdogo iwapo volti zitakuwa nyingi. Ndiyo maana nyaya zinazopita vijijini nchini Tanzania mara nyingi hubeba volti 33,000, na transfoma huzishusha hadi 230 baina ya waya wa moto na waya wa kati, au 400 baina ya nyaya mbili za moto.

Wati 4,600 zinazotoka katika transfoma ya mfano uliotangulia zahitaji ampea 20 kwa volti 230. Kwa volti 33,000 zahitaji ampea 0.14 tu. Katika ukinzani ule ule wa omu 0.9, hasara ni 0.14 × 0.14 × 0.9, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya wati. Badala ya wati 360, hasara imekuwa kana kwamba haipo.

Kutokana na hesabu hii hueleweka kwa nini fundi hapendi kuivuta mbali njia ya volti 230, na kwa nini kijiji kilichotawanyika huhitaji transfoma kadhaa ndogo badala ya moja kubwa. Waya mnene zaidi nao husaidia: eneo la mkato likiongezwa mara mbili, ukinzani hupungua kwa nusu. Lakini waya mnene ni mzito na ghali, na huhitaji nguzo zenye nguvu. Mambo haya hupimwa pamoja kabla njia haijajengwa.

TREKTA KATIKA ASUBUHI YA BARIDI

Uwanda wa Basotu ulipata sifa kwa mashamba makubwa ya ngano yaliyopanuliwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Kanada. Trekta ni chombo kinachojulikana sana huko, na ndani yake mna somo zuri la ukinzani mdogo.

Betri ya trekta ina volti 12.6, na tuseme ukinzani wake wa ndani ni omu 0.010. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, kabla haijaanza kuzunguka ina ukinzani wa omu 0.053. Jumla ni omu 0.063, na mkondo ni 12.6 ÷ 0.063, yaani ampea 200. Stata hupata volti 10.6, na nguvu ya wati 2,120.

Sasa kichwa kimoja cha betri kimeota kutu nyeupe, na kutu hiyo imeongeza ukinzani wa omu 0.020. Kiasi hiki ni kidogo mno hata vipimo vya kawaida vya fundi haviwezi kukionyesha vizuri. Hata hivyo jumla imekuwa omu 0.083, na mkondo umeshuka hadi ampea 152. Stata hubakiwa na volti 8 na wati 1,220 hivi. Wati 460 zinaishia katika kutu, ndiyo maana kichwa hicho hupata moto mtu akijaribu kuwasha mara kwa mara. Asubuhi ya baridi huzidisha taabu, kwa kuwa ukinzani wa ndani wa betri huongezeka na mafuta ya injini huwa mazito.

Fundi mwenye busara huweka voltimita baina ya nguzo ya betri na kichwa cha waya wake, kisha mwenzake akawasha. Kiungo kizuri huonyesha karibu sifuri. Kikionyesha volti tatu, kama katika mfano huu, betri haina kosa. Msasa na maji ya moto vitaponya kile ambacho betri mpya isingekiponya.

NYUMBA ZENYE UMEME WA JUA

Kaya zilizo mbali na njia za umeme, kama zile za bonde la Yaeda, hutumia paneli za jua na betri za volti 12. Hapa kosa la kawaida ni kutumia nyaya nyembamba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukitoka kwenye betri hadi jengo lililo mita 20, una ukinzani wa omu 0.45 kwenda na kurudi. Mkondo wa ampea 5 huacha njiani volti 2.3. Katika umeme wa volti 230 upungufu huo hauonekani, bali katika volti 12 ni karibu sehemu moja ya tano: taa hufifia na televisheni huzimika. Waya wa milimita za mraba 6 hupunguza upungufu huo hadi volti 0.6. Kanuni yasema hivi: volti zikiwa chache, waya na uwe mnene na mfupi.

PANAPOHITAJI UANGALIFU

Si kila kitu hutii kanuni ya Ohm kwa mstari ulionyooka. Balbu ya zamani yenye waya wa tangsteni, ya wati 60 na volti 230, kwa hesabu ina ukinzani wa omu 882. Mwanafunzi akiipima ikiwa imezimwa hupata namba ndogo sana, sehemu moja ya kumi au chini yake, akadhani kipimo kimeharibika. Kipimo ni sahihi. Waya wa balbu iwakayo una joto la nyuzi zaidi ya 2,000, na ukinzani wa metali huongezeka kwa joto. Taa za LED nazo zina saketi za elektroniki ndani yake, na hesabu ya omu moja haizielezi. Hata hivyo P = V × I hubaki kuwa kweli kila wakati kwa umeme wa betri.

Kanuni hizi huhusu pia mwili wa binadamu. Ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu ya omu, lakini mwili uliolowa waweza kuwa na omu 1,000 tu. Mtu huyo akigusa volti 230 huku amesimama katika maji, mkondo ni 230 ÷ 1,000, yaani ampea 0.23. Mkondo wa ampea 0.1 unatosha kuuvuruga moyo hadi kifo. Tarehe 3 Desemba 2023 mafuriko na maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na kuua watu zaidi ya 80. Baada ya maafa ya namna hiyo waya wowote uliolala chini ya tope au majini sharti uhesabiwe kuwa una umeme, mpaka shirika la umeme lithibitishe kuwa umezimwa.

Kwa betri ya trekta, omu 1,000 hizo hupitisha ampea 0.013 tu, chini sana ya kiasi hicho cha kuuvuruga moyo. Lakini spana ikiangukia nguzo mbili za betri hiyo, mkondo ni 12.6 ÷ 0.010, yaani ampea 1,260, wa kutosha kuyeyusha chuma na kuunguza mkono. Volti peke yake haitoshi kupima hatari. Sharti ukinzani nao ujulikane.

MAZOEZI

1. Pasi imeandikwa "230 V, 1000 W". Tafuta mkondo na ukinzani wake.

2. Njia yenye ukinzani wa omu 0.5 hubeba ampea 30 kutoka transfoma ya volti 230. Je, mwisho wa njia hufika volti ngapi, na nguvu gani hupotea?

3. Waya wa nyumba ya umeme wa jua una ukinzani wa omu 0.4. Linganisha nguvu inayopotea kwa ampea 3 na kwa ampea 6.

Majibu: (1) Ampea 4.35; omu 52.9. (2) Volti 215, wati 450. (3) Wati 3.6 na wati 14.4, mkondo umeongezeka mara mbili, hasara mara nne.